Meza Mbili, Kitambaa Kimoja

Guangzhou

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, mkaribishe Mama Rehema chai, maana ameibeba kutoka China ndani ya begi la viatu, na kutoka Mbeya mpaka kwenu huko juu najua atakuwa amepanda lori la mbolea. Goti lako linaendeleaje na baridi? Viazi vimenusurika na mvua? Na lile bati la jikoni limezibwa, au Baba bado anasema kesho? Mimi mzima. Nimekonda kidogo, lakini usisikitike, huku watu wanajinyima kula makusudi ili wafanane na mimi.

Ujumbe wako umenifikia. Mama Rehema aliusema neno kwa neno, mpaka sauti yako akaiiga: "Mwambie Ezekia, dada yake Tabitha anaolewa baada ya mavuno. Aje apige magoti mbele ya kusanyiko, aseme amekosa. Ni dakika moja tu, halafu tukae, tule naye." Mama Rehema anasali kanisa la mjini na hayaelewi mambo yetu. Akaniuliza, "We Ezekia, kwani dakika moja itakuua?" Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri, na kabla sijakujibu nataka kukusimulia jambo lililonisaidia kufikiri.

Kazi yangu ni ile ile: kuwatembeza wafanyabiashara wa kwetu wanaokuja kununua mzigo, na kuwa mdomo wao. Kichina nilikiokota sokoni kama mtu anavyookota kuni, ndiyo maana najua kukataa bei kwa ufasaha lakini siwezi kumpa mtu pole ya msiba. Asubuhi naweza kuwa mji wa Shiling kwenye viwanda vya mikoba, mchana sokoni kwenye nguo, jioni Xiaobei, mtaa wa Waafrika, natafuta mzigo uliopotea, ambao kila mara haujapotea, umesahauliwa tu. Nimechoka, Mama. Si uchovu wa jembe. Ule unalala nao, ukiamka umeuacha kitandani. Huu wa huku unaamka kabla yangu. Na uone kichekesho: mimi niliyelelewa mahali ambapo shati ni jeupe au la bluu iliyokolea, basi, sasa kutwa naulizwa na akina dada wa Dar kama hili la maua linapendeza kuliko lile la madoadoa. Nawajibu, "Yote mazuri, dada." Mpaka leo sijui.

Sasa hilo jambo. Majuzi nilikuwa Pazhou, kwenye yale majumba makubwa ya maonyesho ya biashara, namngoja mteja wangu wa Lubumbashi ambaye saa yake ina akili zake. Akanijia Mzungu mmoja mrefu, mikono ya fundi. Alinisikia nabishana kwa Kichina, akaomba nimsaidie, mkalimani wake hakutokea. Anaitwa Eli. Ana karakana ya makabati huko Marekani, na alikuwa anatafuta bawaba za milango.

Nikampeleka kwa mwanamke mmoja wa makamo anayeuza bawaba. Tunamwita laoban, yaani bosi, kama tunavyomwita kila mwenye meza hapa. Laoban akasimama, akampa Eli kadi yake kwa mikono miwili, ndiyo heshima ya huku. Eli hakuipokea. Akatazama meza. Akangoja. Laoban naye akangoja, kadi iko hewani, mpaka akachoka akaiweka mezani, ndipo Eli akaiokota. Kikombe cha chai kikawa vilevile. Kisha Eli akatoa mfukoni bawaba ya mfano, akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole, akarudisha mkono upesi kama mtu anayemwekea chakula mbwa mkali.

Laoban akanigeukia. "Huyu rafiki yako ananiona mchafu?"

"Si rafiki yangu, laoban. Nimemwokota asubuhi."

"Basi kamrudishe ulikomwokota."

Nilicheka, lakini macho yangu yalibaki kwenye mkono wa Eli. Ule mkono niliujua. Nikamwuliza Eli kwa Kiingereza, polepole, "Kwenu walikutenga?"

Akawa mwekundu kuanzia shingoni. "Umejuaje?"

"Kwetu hawanipi mkono," nikamwambia.

Mama, huko Marekani kuna watu wanaitwa Waamishi. Ungewapenda. Hawaungi umeme, hawamiliki gari, wanasafiri kwa farasi, wanawake wanafunika vichwa, na shule wanaishia darasa la nane. Hapo wametuzidi darasa moja. Mtu aliyebatizwa kwao akiondoka, waliobaki hawali naye meza moja, wala hawapokei kitu kutoka mkononi mwake. Anakiweka mezani, wao wanakiokota. Eli amekuwa akimtembelea mama yake kwa namna hiyo tangu ujana wake. Alisema mkono umezoea, siku hizi hauulizi tena aliye mbele yake ni nani.

"Mwambie huyu mama," akasema, "mchafu ni mimi, si yeye."

Nikatafsiri kwa Kichina changu cha sokoni: "Kwao alifukuzwa mezani. Anaogopa kukuchafua." Laoban akazunguka meza. Akaichukua ile bawaba, akaitia kwenye kiganja cha Eli, akamkunja vidole kwa mikono yake yote miwili. "Hapa ni kwangu," akasema, "si kwa mama yake." Nilidhani sasa tumekuwa ndugu, nikamwomba laoban atupunguzie kidogo. "Meiyou," akasema, yaani hakuna, na kweli hakupunguza hata kidogo.

Jioni nilimpeleka Eli Xiaobei, kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Unguja, tukala pilau. Nikamwuliza kwa nini aliondoka kwao, nikitegemea kusikia habari ya mwanamke. Akasema kila mtu hutegemea kusikia mwanamke au gari, na wako kweli waliofuata hivyo. Wako waliopigwa nyumbani, wakaambiwa wasamehe na wanyamaze, wakaona njia iliyobaki ni mlango. Yeye alitaka kusoma tu. Alikuwa anaficha kitabu cha mitambo kwenye zizi la farasi. Sababu yangu mimi unaijua: nilifaulu kwenda sekondari, wazee wakasema darasa la saba linatosha kusomea Biblia.

Akanisimulia maisha ya nje. Mwanzoni alilala kwenye gari la rafiki. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kila alipoomba kazi walitaka kwanza athibitishe kwamba amezaliwa. Alipoingia dukani kununua shati la kwanza la kujichagulia, alisimama mbele ya mashati mpaka wakadhani ni mwizi. Watu wakicheka mzaha wa kwenye televisheni, yeye alicheka nyuma yao kidogo, kama mtu anayeimba wimbo asioujua. Alipougua hakuna jirani aliyegonga mlango na supu, wakati kwao wangekuja kumi na mbili na ng'ombe wake wangekamuliwa. "Na radi," akasema. "Mpaka leo radi ikipiga, nadhani Yesu amerudi na mimi nimebaki." Hapo tulicheka pamoja, lakini si sana. Guangzhou ina radi mbaya, Mama.

Kisha akanieleza kuhusu mama yake. Sheria inasema wasile meza moja. Kwa hiyo yule mama huweka meza mbili, zimeachana upana wa vidole viwili, halafu anatandika juu yake kitambaa kimoja kirefu. Wazee wakiuliza, meza ni mbili. Mwanawe akikaa, anaona kitambaa kimoja. Wote wanajua, na hakuna anayesema. "Ila kiwiko changu kinajua ufa uko wapi," Eli akasema.

Nikamwuliza lile lililonihusu mimi. "Hukuwahi kurudi?"

"Nilirudi mara moja. Nilimwonea huruma mama. Nikapiga magoti, nikasema nimekosa, mzee akanipa busu takatifu, na mama akaondoa ile meza ya pili. Alikuwa anaimba jikoni asubuhi mpaka jioni. Nikakaa msimu mmoja wa baridi, nikaondoka tena, kwa sababu lile nililolisema halikuwa kweli, na kila siku nilikuwa nalila pamoja na mkate." Akasukuma sahani yake. "Mara ya kwanza nilimwondolea mtoto. Mara ya pili nilimwondolea mtoto na furaha. Ile ya mtoto alishaizoea. Siku hizi haimbi."

Tuliagana pale pale mlangoni. Sidhani nitamwona tena.

Sasa nakujibu, Mama. Harusini nitakuja. Magoti sitapiga. Usidhani ni kiburi, kiburi kimenitoka siku nyingi, kazi ya kubembeleza wenye maduka haikibakizi. Ningekuwa naamini nimekosa, ningetembea kwa magoti kutoka stendi ya Mbeya. Lakini siamini. Dakika moja naiweza. Nisichoweza ni kukuona unafurahi mwaka hadi mwaka kwa kitu ambacho hakipo, na mimi najua. Unakumbuka nilivyokunywa maziwa ya mgeni nikasema ni paka? Ulinichapa, kisha ukanieleza kwamba fimbo zile hazikuwa za maziwa, zilikuwa za paka.

Kwa hiyo mniweke mnapoona panafaa: ngazini, ghalani, au huko nyuma na wanaopepea moto. Nitakula nitakachopewa, nitajinawisha mikono mwenyewe, nitamwona Tabitha akipita. Ila nakuomba usiniombee ruhusa kwa wazee, utajichosha bure, na usinitetee ukagombana na mtu siku ya mtoto wako. Na kama kuja kwangu kutamharibia Tabitha, mwambie Mama Rehema neno moja tu, "bado." Nitaelewa, na sitanuna.

Nisalimie Tabitha, mwambie nimefurahi na nimemwogopea kama kaka anavyopaswa. Nisalimie shangazi mwenye ng'ombe, aliyewahi kunipa mkono gizani akidhani ni mtu mwingine, na alipogundua hakuutoa upesi. Nisalimie huyo shemeji mpya nisiyemjua, ingawa sijui kama ameambiwa nipo.

Baba haruhusiwi kupokea salamu zangu, kwa hiyo usimpe. Wewe jisomee tu barua hii kwa sauti, wakati amekaa karibu anachonga mpini.

Ni mimi mwanao wa pili,
Ezekia