Picha ya Gauni la Bluu

Dada Skola,

Cherehani yako bado iko barazani hapa Lizaboni, na sasa naikalia mimi. Mteja akiulizia "yule fundi mwenyewe" namwambia umepumzika. Wengine wanadhani utarudi.

Nakuandikia kwa sababu nimejaa kinyaa na sina wa kumwambia.

Unaikumbuka picha ya kwanza, ile ya gauni la bluu? Uvimbe ulikuwa umeshakupindisha shingo, lakini ulilipiga gauni pasi ukasema, "Naomba msaada, ila mimi bado fundi." Tukaituma kwenye kundi la michango la simu. Kimya. Wiki zikapita. Mwishowe katibu wa kundi akapiga simu: "Mgonjwa wenu amependeza mno, hatii huruma." Akaja mwenyewe. Akakuvua kilemba, akakukalisha chini kwenye ukuta wa jirani uliobomoka, akataka uvimbe uonekane wote, akapiga picha nyingine. Ulimtii. Uliniambia tu, "Nishikie hereni, mdogo wangu."

Ile ndiyo iliyochangiwa. Tulipofika hospitali, daktari akasema laiti tungewahi kidogo.

Halafu msibani, katibu yuleyule akaomba "picha nzuri ya marehemu". Akachagua ya gauni la bluu! Ikachapishwa kubwa, ikasimama mbele ya jeneza, na walewale walionyamaza wakasema, "Jamani, alikuwa mzuri." Safari hii walichanga upesi, hadi wali ukabaki. Mimi sikula. Nilitema mate mbele za watu, shemeji akanivuta pembeni.

Juzi katibu alikuja tena na baba mmoja wa Mshangano, mgonjwa wa figo, akaniomba shati lililochanika la kumpigia picha. Nilimwambia aondoke, mgonjwa abaki. Nikampima yule baba, nikamshonea shati jeupe, nikampiga picha amesimama. Naogopa, dada. Huenda watu wakanyamaza tena, na safari hii lawama itakuwa yangu. Kwa hiyo picha hii siisubirishi kwenye simu. Kila jioni nikifunga kazi naizungusha mwenyewe, duka kwa duka, na Jumapili nasimama nayo mlangoni kanisani. Sitaacha mpaka apate matibabu.

Lala salama, dada yangu. Hereni zako ninazo. Hukuniomba tena nikurudishie. Huyu baba kaacha na kitambaa cha suruali. Siku atakayokuja kuichukua kwa miguu yake, nitazivaa hereni hizo.

Mdogo wako,
Tula