Injini ya Kiroboto na Neno "Funga"

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, mvua imeacha kunyesha sasa hivi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko machimboni? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama injini ya asubuhi? Wifi na watoto je? Sisi huku tu wazima. Mimi mgongo unanisumbua kwa ajili ya sare za shule, maana kila mzazi anataka ya mwanawe ishonwe kwanza. Shangazi hajambo, ametia meno mapya na sasa anacheka hata pasipo na kichekesho.

Baba ndiye sijui nikuambie nini. Ndiyo sababu ya barua hii. Simu yako haishiki tangu upelekwe huko ndani, na nimechoka kumsikiliza yule mwanamke wa mtandao akiniambia hupatikani.

Unakumbuka mlivyopanga. Tangu Kiroboto, gari letu, apandishwe juu ya magogo, nyumba hii haikuwa na mazungumzo mengine. Wewe unapiga simu, Baba anaweka spika, nami nashona huku nikilazimishwa kujua kabureta ni nini. Mlitaka kigari kile cha milango mitatu kiwe na mbio za kumtoa mtu machozi, lakini kibaki cha barabarani, si cha mashindano; kiwake asubuhi bila kubembelezwa, na kiende sokoni kama zamani. Injini kubwa zaidi, kabureta mbili, bomba pana la moshi, springi fupi kidogo ili kiiname barabarani. Wewe ukataka magurudumu mapana, Baba akasema gari si bata. Fundi Spana akawanyamazisha wote wawili: breki kwanza, mbio baadaye. Hapo hata mimi nilimuunga mkono, kwa kuwa abiria ni mimi.

Kitu kimoja tu Baba alikataa kisiguswe, ule mlango mkubwa wa nyuma. Wewe ulitaka uwekwe wa plastiki ili gari liwe jepesi. Akasema mlango ule ndio ulioingiza cherehani yangu siku aliyoninunulia, na hautoki. Mimi nikajifanya natafuta uzi chini ya meza.

Sasa sikia yaliyotokea. Siku unaondoka kwenda huko ndani ulituma ujumbe wa sauti. Maneno yako nayajua kwa moyo, maana nimeyasikiliza mpaka nimeyakinai: "Baba, funga tu. Usinisubiri."

Mimi nilielewa papo hapo. Fundi akisema anafunga injini, anaipachika mahali pake na kukaza boliti, basi. Baba naye neno hilo la gereji analijua, ameendesha malori maisha yake yote. Lakini safari hii hakulisikia peke yake. Alilisikia limefuatwa na "usinisubiri".

Alimaliza chai yake, akatoka, akamwambia Spana akusanye vifaa vyake, kisha akalitia banda la gari kufuli. Ufunguo ameuvaa shingoni kwa kamba. Nilipomuuliza alinijibu hivi: "Kijana kasema tufunge, tumefunga. Mbio za nini, na mwenyewe haji?"

Nimemweleza kwa upole, nimemweleza kwa ukali. Anasema namtuliza kama mtoto. Nikamwita Spana aje amweleze kifundi, wakaishia kugombana kuhusu paa. Maana paa la banda linavuja, Kaka, na injini iko chini juu ya magunia, imefunguliwa juu, tumbo wazi. Spana anasema unyevu ukiingia mle, kazi yote aliyoifanya imeharibika. Ile sakafu ya gari aliyoichomelea nayo haijapakwa rangi.

Kila mvua ikianza najikuta nimesimama dirishani na nguo ya mtu mkononi, nikilitazama banda. Sina la kufanya. Kufuli naweza kulivunja kwa nyundo ya Spana, lakini Baba ataona nimemvunja yeye. Nikinyamaza, injini inaoza. Nikisema, ananigeuzia kisogo. Nimebaki mikono kichwani.

Na macho yake yanazidi kufifia. Daktari amesema bado anaweza kuendesha mchana, kwenye barabara anayoijua, ila hakutaka kuahidi ni kwa muda gani. Mlikubaliana mzunguko wa kwanza aendeshe yeye, wewe ukiwa pembeni, mimi nyuma nikipiga kelele. Sijui kama macho hayo yatatungoja.

Lipo jingine, nalo linaniuma zaidi. Mwanzoni nilimcheka Baba. Lakini nimeurudia ule ujumbe hadi sasa hata mimi sijui. Sauti yako ilishuka mwishoni. Ulikuwa ukizungumzia injini, au ulikuwa unatuaga? Wifi aliwahi kunidokeza kwamba mnatafuta kiwanja huko huko. Sikulaumu, kila mtu na maisha yake. Lakini mtu anayechelewa si sawa na mtu asiyekuja, na Baba alikuwa akimtengenezea gari yule anayechelewa. Tafadhali usinikasirikie kwa kuuliza. Ningekuwa na wa kumuuliza mwingine ningemuuliza.

Spana anakusalimu sana, anasema zile springi ulizotuma ni nzuri mno hadi anaogopa kuzigusa. Shangazi naye anasalimu, anauliza kama umenenepa. Wabusu watoto, na mpe Wifi salamu zangu. Gauni lake liko tayari, linangoja mtu wa kulibeba.

Narudi kwa Baba. Amesema ataamini tu akipata barua yako wewe. Basi mwandikie. Lile neno "funga" usiliguse kabisa. Andika weka injini, pachika, kaza, lolote lile. Na kama utakuja, andika "nitakuja" kwa herufi kubwa, katikati ya karatasi, ajaribu kulisoma mwenyewe.

Kama huji, Kaka, mwandikie habari za injini tu, halafu uache nafasi chini yake, nitaijaza mimi. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea.

Mungu akulinde huko chini ya ardhi, akutoe salama kila jioni.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye ukija na usipokuja,

Sindano