Maji ya Kipupwe

Mlola, Jumanne, Julai 1975

Ukungu haujaondoka tangu alfajiri, na sasa ni saa nane mchana. Nimekaa kando ya mafiga, kanga mbili na koti la Elia mabegani, kalamu inateleza kwa sababu vidole vyangu vina mafuta ya nyonyo. Mwili umekandwa vizuri. Moyo ndio sijui niuweke wapi.

Leo mama mkwe ameniuliza swali, nami nimemjibu. Ameondoka bila kunywa chai.

Niandike kwa utaratibu, labda nitaelewa nilichofanya.

Mimi ni mtu wa Muheza, wa nazi na joto. Niliolewa na Elia, nikahamishiwa shule ya msingi ya huku juu, na aliyenifundisha kuishi na baridi ni mama yake. Majirani wanamwita Mama Elia, wazee wenzake Ester. Hakuna mzazi kwenye kilima hiki ambaye hajapita mikononi mwake. Ukijifungua, yeye ndiye anakuja na majani yake kwenye pindo la kanga, anainjika debe la maji, anakukanda tumbo, kiuno na mgongo kwa kitambaa cha moto mpaka ukome. Halafu anamwogesha mtoto. Halafu anakuletea uji wa pilipili manga na kukusimamia hadi bakuli libaki jeupe.

Kila majira ana maji yake. Masika, ngozi inapolowa na kuwasha, anachemsha majani ya mpera na mchaichai, na mafuta anayapaka kidogo tu. Kiangazi, vumbi likishapasua visigino, anakusugua kwa jiwe la mtoni, kisha anakuogesha maji ya chemchemi yaliyokamuliwa limau. Kipupwe kama hiki ni majani ya mkaratusi na mafuta ya nyonyo aliyoyapika mwenyewe, mazito, ambayo harufu yake inakufuata mpaka kanisani. Mwaka nilioolewa nilikuja na chupa ya mafuta ya nazi kutoka kwetu. Ilipofika Juni yakaganda, yakagoma kutoka chupani. Alicheka sana. Alisema mafuta ya kwetu ni mavivu kama mimi mwenyewe, yanasubiri jua ndipo yaamke.

Na kipupwe ana sheria moja ambayo kila mwanamke wa hapa anaijua: mtoto mchanga haogeshwi mpaka jua liguse ukuta. Kukiwa na ukungu unasubiri. Jua lisipotoka kabisa, unampangusa kwa kitambaa na mafuta, unamfunga vizuri, basi.

Binti yetu alizaliwa Juni. Kwa desturi ya nyumba hii mtoto wa kike wa kwanza anachukua jina la mama wa baba, kwa hiyo akawa Ester kama bibi yake. Elia akawa anamwita mama. Alikuwa akirudi kutoka ofisi ya kijiji anamwinamia yule kiumbe mwenye uso wa makunyanzi na kumwambia shikamoo mama, na mama mkwe anamwitikia kwa niaba yake, marahaba mwanangu. Walifanya hivyo kila jioni. Kichekesho kilikuwa kilekile na tulicheka kila mara.

Hakumaliza wiki ya pili.

Sitaandika yote. Kifua kilianza kukoroma jioni, usiku hakunyonya, asubuhi Elia alimbeba kwenda zahanati, akarudi naye akiwa amemfunika uso. Alisema mganga amemwambia ni kifua, na kwamba baridi ya mwaka huu imewabana watoto wengi. Sikumwuliza zaidi.

Ila siku ile kifua kilipoanza ilikuwa siku ya shamba la kijiji, siku ya kuchimba viazi. Elia ndiye katibu, yeye ndiye anayepita na filimbi kabla hakujapambazuka kuwaamsha watu. Mama Elia ni mtu mzima, angebaki nyumbani na mzazi wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yeye hajawahi kuchelewa shamba la ujamaa hata mara moja. Hakutaka watu wapate la kusema, kwamba mama wa katibu anaota moto wenzake wakiwa wameinama mashambani. Basi alikuja kungali giza, ukungu umelala mlangoni. Akanikanda haraka. Akamwogesha mtoto haraka ndani ya karai, mlango wa jiko ukiwa wazi kwa ajili ya moshi. Nikakiona kidevu cha mtoto kikitetemeka. Akampaka mafuta, akamfunga, akanikabidhi, akachukua jembe lake.

Jua liliugusa ukuta saa tano siku ile. Nililiona.

Tangu mazishi hakuna aliyelitaja jambo hili. Majirani walikuja na unga na maharage, wakaimba, wakasema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mmoja alinifariji kwamba mimi bado kijana, nitapata mwingine, kama vile nilikuwa nimevunja chungu. Elia anaamka na filimbi yake, anarudi jioni, anakaa kwenye kiti chake, hana tena wa kumwamkia.

Kesho yake baada ya kuzika nilikuwa nimelala nimegeukia ukutani nikasikia debe linainjikwa jikoni. Nilidhani Mama Elia amekuja kukaa tu kama wenzake. Akaingia chumbani, akaniambia mtoto amekwenda lakini tumbo langu halijui, mifupa yangu haijui, na nikiiacha hivi baridi itaingia nitazeeka nikiwa nimepinda. Akaninyanyua.

Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Baadaye nilikubali kwa sababu nikiwa kwenye maji ya moto naweza kulia bila mtu kuniuliza nina nini. Maji yakinishuka kifuani maziwa yanatoka yenyewe, yanateremka tumboni na kuchanganyika na majani ya mkaratusi. Mama Elia anayapangusa kwa kiganja.

Nami nilikuwa namchukia. Niandike hivyo hivyo.

Ni mikono ileile. Kila ilipopita mgongoni mwangu niliiona ikiwa ndani ya karai la mtoto, giza, mlango wazi, na nilishindwa kujua kama nataka iendelee au nataka kuisukuma. Ilikuwa inanituliza na kunichoma kwa wakati mmoja. Sikumwambia Elia. Ningemwambiaje mtu kwamba mama yake, na filimbi yake mwenyewe, vimekaa kooni kwangu kama mwiba wa samaki?

Na Mama Elia naye amebadilika. Anakuja mapema, anawasha moto, kisha anakaa kwenye kigoda akiutazama ukuta wa nje mpaka jua lifike, ingawa mtoto hayupo na mimi mtu mzima ningeweza kuoga wakati wowote. Siku za shamba la kijiji zimekuja na kupita. Hakwenda. Elia anapita na filimbi, anamwona mama yake amekaa pale mlangoni, anaishusha filimbi kutoka mdomoni, anapita.

Leo jua halikutoka.

Tulisubiri. Nilichambua maharage, nikamaliza, nikayachambua tena. Saa sita ilipofika akasema tusisubiri tena, maji yatachemka mpaka yaishe. Nikakaa kwenye kigoda, nikampa mgongo. Akaanza mabegani kama kawaida, akashuka, akafika kiunoni, mikono ikasimama.

Huwa anasema nami Kiswahili, eti kwa heshima ya mwalimu, ingawa Kibondei chetu na Kishambaa chao ni ndugu na anajua kwamba namwelewa. Leo aliniuliza kwa Kishambaa, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mwanangu, wewe unaona ni mimi niliyemuua mtoto?"

Nilishukuru kwamba nilikuwa nimempa mgongo.

Jibu la mkwe aliyelelewa vizuri nilikuwa nalo. Hapana mama, usiseme hivyo, ni mapenzi ya Mungu. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Na jibu lile jingine lilikuwepo pia, lile ninalolinoa kila asubuhi kama panga, la neno moja. Nilidhani siku nikiulizwa litatoka lenyewe. Halikutoka. Nilikumbuka watoto waliokufa kwenye kilima hiki wakiwa wameogeshwa juani, na wale walioogeshwa ovyo gizani ambao leo wako darasani kwangu, makamasi puani, wanaimba herufi. Nilitafuta ndani yangu kitu ninachokijua kwa hakika. Sikukipata.

"Sijui, mama."

Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji sakafuni. Nikageuka.

Sijawahi kumwona Mama Elia akilia. Siku ya mazishi yeye ndiye aliyepika, aliyegawa vyungu, aliyewaambia vijana wachimbe wapi. Leo alikuwa amesimama na mikono yake mbele, imelowa, ameitazama kama mikono ya mtu mwingine, na machozi yanashuka na hayafuti. Ndipo nilipoiona. Ngozi ya vidole imepasuka yote kwa maji ya moto na upepo wa baridi, na mipasuko inavuja damu. Huyu ndiye anayetupaka mafuta wote. Sijui nani humpaka yeye.

Nikachukua kibuyu cha mafuta. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikaupaka, kidole kwa kidole, naye akaniachia. Nilipoushika wa kushoto akauvuta. Akasema imetosha. Kisha akanigeuza, akamalizia mgongo wangu wote, hakuruka hata sehemu moja, akanifunga kanga, akamwaga maji nyuma ya nyumba.

Kila siku huacha majani ya kesho juu ya kichanja cha jikoni ili yanyauke kwa moshi. Leo hakuacha.

Sasa nimekaa hapa na nafsi yangu inanisuta. Ningesema hapana ningepungukiwa nini? Neno dogo, la adabu, watu wanaambiana kila siku. Lakini angejua ni uongo. Ananikanda kila asubuhi, anaujua mgongo wangu unapokakamaa. Angeitikia, angenishukuru, na kuanzia kesho angenihudumia kama mgeni. Na kusema ndiyo nako kungekuwa uongo. Hilo ndilo nimeligundua leo na sikulitarajia. Nilikuwa na uhakika kwa muda mrefu hivi, na nilipoulizwa uhakika haukuwepo.

Kuna jambo jingine, na hili linaniumiza zaidi. Nilihesabu msiba huu kuwa wangu, nikimmegea Elia kidogo, na mama yake sikumpa hata tone. Mimi nimezika mtoto. Yeye amezika mjukuu na jina lake mwenyewe, na tangu siku ile hakuna mtu anayethubutu kulitamka jina hilo mbele yangu, kwa hiyo hata yeye haitwi tena.

Elia atarudi jioni. Nitamwambia alichoniuliza mama yake na nilichomjibu. Akikasirika, na akasirike.

Na kesho? Akija, nitampokea majani mlangoni na nitamwita kwa jina lake mwenyewe, mama Ester, nione kama paa litatuangukia. Asipokuja, nitachuma mkaratusi mwenyewe nimfuate kwake. Najua mzazi hatoki nje kabla siku zake arobaini hazijaisha, lakini mimi ni mzazi wa nani sasa, na nani atanirudisha? Nitawasha moto wake. Nitamkalisha kwenye kigoda nimkande mgongo, kiuno na hiyo mikono yake. Sijui kumkanda mtu. Nitaweka maji ya moto kupita kiasi au ya baridi kupita kiasi, na atanikaripia.

Ee Mungu, anikaripie.