Mpishi wa Ijumaa

Jumapili jioni. Mvua ya Kisii imeingia bila hodi, kama kawaida yake. Nimeanika hema barazani hapa Suneka, nywele bado zinanuka moshi, na magoti yananikumbusha kwamba sina miaka kumi na minne tena.

Tulikuwa mlimani Manga. Watatu, kama zamani: mimi, Nyanchama anayechonga vinyago vya mawe kule Tabaka, na Kerubo wa Ekerenyo. Siku mbili bila simu, bila wateja, bila watoto. Tulilala hadi jua likatuchoma ndani ya hema. Tulikaa ukingoni mwa mwamba tukibishana lile paa linalong'aa kule bondeni ni la nani. Sijapumzika hivyo tangu nianze kazi.

Lakini ninachotaka kuandika ni habari ya sufuria.

Tulipokuwa wasichana, kanisa la kina Kerubo lilileta vijana kupiga kambi kwenye mlima huu huu kila likizo ya Agosti. Wote Wasabato, isipokuwa mimi. Mama yake alimwomba mama yangu aniachilie, maana mimi na Kerubo hatukuachana hata kwenda mtoni. Ijumaa jua likizama Sabato inaanza, na hakuna wa kugusa jiko. Tatizo lilikuwa chinsaga. Ile mboga yetu chungu haitaki haraka. Uichemshe, umwage maji, utie maziwa, uichemshe tena. Kila Ijumaa jua lilizama sufuria ingali motoni. Hapo Kerubo alinisukuma kwa kiwiko, wenzake wakafumba macho kuimba, na mimi Mkatoliki nikakoroga. Kiongozi wa kambi alijifanya hanioni, kwani njaa ni njaa. Kerubo akaniita Mpishi wa Ijumaa, na wote wakafuata. Nililipenda jina hilo kuliko langu.

Kwa hiyo juzi nilibeba chinsaga makusudi. Nakiri, hata moto niliuchelewesha makusudi. Nilitaka kuitwa tena.

Jua likazama upande wa ziwa. Nyanchama akaweka kisu chini, akafumba macho, akaanza kuimba taratibu. Nikainuka kwenda kushika zamu yangu, nikamkuta Kerubo ameshafika. Anakoroga. Haimbi.

Nilidhani amesahau siku. Nikamgusa bega.

"Wacha tu, Moraa," akasema bila kunitazama. "Siku hizi mimi napika saa yoyote."

Huyu ndiye Kerubo aliyejua nyimbo zote bila kitabu. Nilijua mumewe aliondoka mwaka jana. Nilimwandikia "pole sana" kwenye simu nikaona nimetimiza wajibu. Sikujua, mpaka aliponieleza pale motoni, kwamba kila Sabato kulikuwa na mtu wa kumwuliza baba watoto yuko wapi. Mwanzoni alijibu. Baadaye akawa anakaa nyuma kabisa. Sasa Jumamosi anabaki nyumbani kufua. Mwaka mzima, na mimi niko hapa Suneka, safari ya saa moja tu.

Niliona aibu.

Nilisema tu, "Leta hicho kijiko. Hiyo kazi si yako."

Akakataa. Nikavuta, naye akavuta, tukacheka kama wajinga. Kisha akalia, na kijiko akakiachilia. Akaenda kuketi kando ya Nyanchama, kichwa begani kwake. Hakuimba. Aliketi tu mpaka wimbo ukaisha.

Chinsaga ilishika chini. Tuliila yote, hata ukoko.

Sijui kama atarudi kanisani, wala sidhani ni kazi yangu kumrudisha. Muda wote huu nilikuwa nikililia jina langu la zamani, kumbe mwenyewe aliyenipa alikuwa peke yake.

Ijumaa hii nikitoka kazini naenda moja kwa moja Ekerenyo, na chupa ya maziwa mkobani. Nataka nifike kabla jua halijazama. Akitaka aimbe, asipotaka anyamaze.

Mimi nitakoroga.