Makala Iliyotutoa Nyumbani

Jumapili, tarehe 3 Machi

Jengo letu limeanguka! Lote, ghorofa nne, kuanzia paa mpaka choo cha chini, na wewe mwanangu ndiye uliyetutoa ndani!

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo, mama? Kifua kimepona? Mimi mzima, nimechubuka goti tu, tena kwa kujikwaa mwenyewe kwenye benchi. Simu yangu iko chini ya kifusi pamoja na pasi zangu zote mbili na nguo za wateja, ndiyo maana nakuandikia. Hata ningeazima simu ya mtu, mambo haya hayasemeki kwa haraka.

Sikiliza. Gazeti lenye makala yako lilinifikia Alhamisi. Nilinunua matatu. Kwenye picha umenuna, lakini ni wewe. Umeandika namna miji inavyoanguka, vitabuni na katika historia. Nikasema haiwezekani jengo zima liishi na mama wa mtu kama huyu na lisijue. Lakini majirani zangu nawajua, ukiwaambia njooni msikie habari za mwanangu, kila mmoja anaumwa kichwa. Basi jana asubuhi nikagonga mlango mmoja mmoja: "Kikao cha tangi la maji! Karakana ya seremala, ng'ambo ya barabara! Asiyekuja asije akalalamika!" Wakaja mbio, wengine na ndoo.

Nilipofungua gazeti, dereva wa ghorofa ya pili akapiga kelele, "Jamani, tumeuzwa!" Lakini walikuwa wameshakaa.

Nikasoma. Mwanangu, una maneno marefu wewe! Nilipofika pale unaposema mji hauangushwi na adui wa nje peke yake, kwamba watu huanza kwa kuuzoea ufa, nikaona miayo. Nikaongeza kidogo: "Kama ule ufa wa ngazini kwetu, anasema mwanangu, unaopakwa lipu kila mwaka." Mwashi wa ghorofa ya tatu akasimama. Nikajua leo natukanwa.

"Mama Profesa," akasema, "mwanao amejuaje? Mwenye nyumba amenituma mara tatu niuzibe. Wiki hii nimeuona umefika kwenye nguzo."

Akatoka mbio kwenda kutazama. Watu walikuwa wameanza kunyanyuka warudi makwao, wakamkuta amesimama mlangoni mwa jengo, mikono ameitanua. "Haingii mtu!" Mpishi wa shule akamwambia ana sufuria jikoni. "Iungue!"

Hazikupita dakika arobaini. Nilisikia mlio kama gunia la mawe linamwagwa, ila huo haukuisha upesi.

Tumehesabiana. Wote tupo, isipokuwa Fundi Saa, yule mzee wa chumba cha nyuma. Nilimgongea, hakufungua. Sasa wanachimba. Niombee, mama.

Mama yako


Jumanne, tarehe 5 Machi

Shikamoo, mama yangu. Barua yako nimeianza nimesimama, nimeimaliza nimeketi sakafuni. Kifua kimepona. Namshukuru Mungu kwa goti lako lililochubuka.

Mama, mimi sikuandika ufa wa ngazini. Huo uliuongeza wewe. Nilipokuja likizo niliupita kila siku na mzigo wa vitabu, na vitabu vyenyewe ni vya miji iliyobomoka. Miaka minne nasoma waandishi wanaolilia kuta za watu, na ukuta wa kwetu nilikuwa nauegemea nikifunga viatu.

Fundi Saa amepatikana? Na wewe unalala wapi? Tarehe 22 nimepangiwa kuitetea tasnifu yangu mbele ya maprofesa. Nitaahirisha nije. Sema neno moja tu.

Binti yako


Ijumaa, tarehe 8 Machi

Marahaba, mwanangu. Usiahirishe kitu. Shule anayopikia mpishi imetupa madarasa mawili, wanawake huku, wanaume kule, na vikohozi vyao tunavisikia. Chakula kipo.

Fundi Saa hajapatikana. Leo siku ya saba. Jana wachimbaji walitoa shati lake la bluu, watu wakapiga yowe. Nikawaambia nyamazeni, shati hilo lilikuwa kwangu linangoja pasi, halina mtu ndani. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka kilio.

Nikuambie nisilomwambia mtu. Siku ile alipokosa kunijibu, nilijua yumo, kwa sababu yeye hata akiwemo hajibu. Nikamwambia kwa sauti, mdomo kwenye kitasa, "Kaa humo humo na saa zako mbovu!" Maneno hayo ndiyo ya mwisho kati yangu na yeye. Ningesema kuna moto, angetoka. Ningeita watu wausukume ule mlango. Lakini nilikuwa na haraka ya kwenda kujisifu.

Watu wananishika mkono, wananiita mwokozi. Kila anayenishika mkono, mimi naona ule mlango.

Gazeti nimelikunja. Yale mengine mawili nimempa mpishi awashie moto. Sitamsomea mtu kitu tena maisha yangu.

Mama yako


Jumapili, tarehe 10 Machi

Shikamoo, mama. Sikulala vizuri kwa barua yako, na najua wewe ndiye hukulala kabisa.

Nikuulize. Nani aliujua ufa na akanunua lipu badala ya kuita mhandisi? Huyo analala kitandani kwake. Wewe hukujua kitu. Ulipanda ghorofa nne na magoti yako hayo, ukagonga kila mlango, na wa Fundi Saa ukiwemo. Vitabu vyangu vimejaa watu wanaoomboleza baada ya mji kuanguka. Waliogonga milango kabla, nawatafuta kwa taa. Nakuomba usijichimbie shimo lako pembeni ya lile.

Kama hajapatikana mpaka Jumatano, napanda basi, na maprofesa watangoja.

Binti yako


Jumanne, tarehe 12 Machi

YUPO! Fundi Saa yupo, anakula, ananuna, anakoroma, yupo!

Marahaba, mwanangu, na usipande basi lolote. Jana mchana nimekaa uwanjani mwa shule nakunja nguo za msaada, namwona mtu anakuja na kibegi na kofia yake ile iliyochoka. Nikadhani ni macho. Akasimama mbele yangu, akauliza, "Jengo mmelipeleka wapi?"

Nilimkumbatia, halafu nikampiga na taulo, halafu nikamkumbatia tena. Mwashi alipiga magoti palepale kwenye vumbi. "Ulikuwa wapi, mzee? Tumekuchimba siku kumi!"

"Kwa dada yangu, mji wa pili."

"Na simu?"

"Nilizima makusudi." Akaninyooshea kidole. "Kwa ajili ya huyu! Alhamisi nimemwona na gazeti kwapani. Ijumaa tena, gazeti kwapani, anatabasamu peke yake kwenye ngazi. Nikajua Jumamosi tumekwisha, tutasomewa. Nikaondoka Ijumaa jioni. Nilipanga nikae huko mpaka sifa zimwishe."

Mama yangu! Watu walicheka mpaka mpishi akaegemea mlingoti wa bendera. Kumbe pale mlangoni nilikuwa natukana chumba kitupu! Usiku nimelala, mwanangu, nimelala hata watu wakasema nami nakoroma. Waliosomewa wamepona, na aliyekimbia kusomewa naye amepona. Sasa nani atathubutu kuniambia ninajisifu mno?

Mwenye nyumba anahojiwa. Mwashi amejipeleka mwenyewe kueleza zile mara tatu alizoziba, hakungoja kufuatwa. Alirudi amechoka, lakini anatazama watu usoni.

Sasa hiyo tasnifu yako. Nimewatangazia wote, na safari hii sikuwadanganya habari ya tangi. Mpishi ameshaomba ruhusa kazini, dereva anaendesha. Fundi Saa ameniuliza ina kurasa ngapi. Nikamwambia mia tatu na kitu. Akaniomba niazime pasi nimnyooshee lile shati la bluu.

Waambie maprofesa waongeze viti ishirini na saba. Kama hawana, seremala anabeba mabenchi. Tutakuwa mlangoni kwao mapema, Ijumaa, tarehe ishirini na mbili.

Mama yako, Mama Profesa