Solda Inayong'aa

Jumatatu, 2 Machi 2026
Nimebadilisha solda ya uji, ile risasi laini ya kushikizia vipuri kwenye bodi za umeme ninazotengeneza. Ile ya zamani haikuhitaji kuoshwa, ila iliacha ukoko wa kahawia kwenye bodi, wateja wakadhani nawauzia mtumba. Hii mpya inang'aa! Kopo linasema bodi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu. Maji kwenye bodi — nani amewahi kuona? Nimesugua kwa spiriti na mswaki, basi. Mume wangu Gerson kauliza kama meza ya chakula sasa ni zahanati.

Jumatano, 4 Machi
Wifi Minza, dada yake Gerson, kaja toka Igunga kuchukua kifaa nilichomtengenezea cha kuongoza joto la mashine yake ya kuangulia vifaranga. Anaweka mayai kesho. Tangu afiwe na mumewe, kuku ndio shamba lake. Kachoka kukesha akichungulia kipimajoto. Nikamwambia wewe lala, kifaa kitakesha. Nilijiona fundi kweli.

Jumanne, 24 Machi
Mvua tangu asubuhi. Bodi pacha ya ile ya Minza, niliyoiacha mezani kwa majaribio, imewasha hita yenyewe na haizimi. Kando ya solda kuna utandu wa kijani, unanata. Spiriti haikuutoa ule uteute wa solda, unaotoka kwa maji tu. Ukinyonya unyevu, unapitisha umeme. Na mashine ya Minza ina bakuli la maji ndani muda wote!

Nimeogopa. Nimepiga simu, hapokei. Gerson kasema nisimtie dada yake presha kabla kitu hakijaharibika. Nimemjibu vibaya.

Jumatano, 25 Machi
Minza kapokea alfajiri. Jana joto lilipanda ghafla, bahati alikuwepo, akafungua kifuniko. Analaumu umeme wa kwao. Kaniambia, kifaa chako hakina kosa, wifi. Kwa nini sikumwambia ni bodi yangu? Nikasema tu nakuja kuwasalimia.

Niko stendi na bodi nyingine, hii nimeiosha kwa maji, ikakauka vizuri. Basi bado linapakia magunia. Minza kaniandikia WhatsApp: vifaranga wanalia ndani ya mayai, na kawaita akina mama wa kikundi chake waje waone kazi ya wifi yake.

Nimepiga, hapatikani. Nikaandika: Chomoa waya sasa hivi, kifaa ni kibovu, kosa langu. Nikafuta "kosa langu". Nimetuma.

Tiki moja tu.