Rasiberi Zako Zimeshinda Kesi

Mbonea mwanangu,

Salamu nimeshakupa asubuhi pale kaburini, lakini leo nina maneno marefu na magoti yangu hayataki kusimama kwenye umande. Nimekaa jikoni nakuandikia. Mwandiko ni ule ule wa darasa la saba, ambao wewe peke yako hukuwahi kuucheka.

Kwanza nijisifu. Nimeshinda kesi.

Unakumbuka ulivyoipandisha ile miche ya rasiberi kutoka Mwanga, imefungwa kwenye gunia bichi, imekaa kama kuni za kuwashia moto? Usangi nzima ilicheka. Kijana kasomea kilimo, anarudi kutupandia miiba! Baba yako mdogo ndiye aliyecheka kuliko wote. "Miiba tunayo tele porini," akasema, "huyu katuletea ya kununua." Nikawaambia ngojeni, huyu ni wangu, namjua. Ukweli sikujua kitu. Rasiberi nilikuwa sijaiona hata kwenye picha. Lakini mama hangoji kujua ndipo ajisifu.

Ulinieleza tumesimama kwenye ukungu wa Julai, mimi nimejifunga kanga mbili juu ya sweta lako. "Mama, huu mmea unapenda baridi. Watu wa Same wana jua, sisi tuna baridi, tena ya bure." Tangu siku hiyo sijailalamikia baridi ya Usangi. Naisifu kama niliizaa mimi.

Yakaja matunda ya kwanza, hayakujaa hata kiganja. Ukanifundisha kuchuma. Nisivute. Tunda lililoiva linaachia lenyewe, linatoka kama kofia kichwani, ndani linabaki tundu. Linalokataa niliache, bado lina siku zake.

Mwanangu, wewe ulikuwa bado. Wewe ulivutwa.

Haya. Nilijiapia kutolia juu ya karatasi, wino unachuruzika.

Siku tulipokurudisha kutoka hospitali kule Same, wanaume walikuja kuchimba kaburi. Mahali pako palikuwa mgombani, karibu na babu yako, na njia ya jeneza ilipita kwenye rasiberi. Baba yako mdogo akashika panga, akazifyeka zote mpaka chini kabisa. Nilipotoka ndani niliona visiki tu. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Shemeji, umemzika mwanangu kabla ya jeneza." Akasema, "Shemeji, ni miiba, ingechana waombolezaji." Hatukusalimiana tena. Siku zote za matanga yeye alikaa upande ule, mimi upande huu, chai ikipita katikati yetu.

Sisi Wapare tunasifika kwa kesi, na mimi sikuwaangusha wenzangu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji nikashtaki. Akaniambia atakuja kupaona mvua zikikatika. Basi nikazungushia kamba pale palipofyekwa na nikatangaza: asiingie mtu na jembe, asifungwe mbuzi, hapo ni ushahidi. Hata wamama wa kwaya walipokuja kunisaidia kulima niliwaelekeza kwenye maharage. Ushahidi haupaliliwi!

Mvua zikanyesha, zikakatika. Mwenyekiti kimya. Nadhani alikuwa anangoja hasira zangu zipoe, maskini, hanijui. Nikawa napita hapo kila nikija kwako, siangalii vizuri, machozi na ukungu vimekuwa kitu kimoja. Kumbe kule chini mizizi inachipua. Machipukizi yakafika magotini. Yakafika kiunoni. Nikanyamaza kimya, nisije nikaiharibu kesi yangu mwenyewe.

Siku mwenyekiti alipokuja, baba yako mdogo nyuma yake amenuna, tulikuta kamba imeelemewa. Matunda, Mbonea! Mekundu, kila tawi, kuliko uliyoyaona wewe. Mwenyekiti akayatazama, akanitazama mimi. "Mama Mbonea, hasara yenyewe iko wapi?"

Nikaanza kumhesabia visiki, nikajikuta nahesabu matunda.

Baba yako mdogo akachuma moja, akatia mdomoni. Akachuma jingine. "Shemeji," akasema, "ushahidi wako ni mtamu." Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu uondoke. Kisha akageuka upande wa kaburi lako, nami nikamshika mkono. Tukakulilia pamoja pale pale, na mwenyekiti, sijui kwa aibu au kwa utamu, akaendelea kula.

Ndipo nikakumbuka. Si uliniambia? "Mama, msimu ukiisha uzikate zote mpaka chini, zitazaa kwenye machipukizi mapya." Nikakukatalia. Nani anakata kitu kinachozaa? Nikadhani ni mambo ya vitabuni. Kumbe baba yako mdogo, kwa panga lake la msiba, amekufanyia kazi uliyoniagiza mimi, na wala hakujua. Sasa anatamba kijiji kizima kwamba ana mkono wa baraka. Namwacha atambe. Lakini kesi niliyoshinda ni ile ya mwanzo, ya wewe na Usangi nzima. Niliwaambia wangoje.

Sasa wanakuja kuomba machipukizi wakapande kwao. Nawapa, ila kwa sharti: mtu aseme kwanza, "Nimekuja kuomba rasiberi za Mbonea." Anayesema amekuja kuomba miiba anarudi mikono mitupu. Na mimi bado naitwa Mama Mbonea, barabarani, kanisani, kila mahali. Wakiniita, naitika kwa sauti, ili na wewe usikie.

Msimu huu ukiisha, panga nitashika mimi. Shemeji amejitolea, nimemkatalia. Nitazikata zote mpaka chini kabisa kama ulivyosema, halafu nitafunga kamba yangu ningoje.

Pumzika, baba. Bakuli la rasiberi za leo liko dirishani. Umande ukikauka nakuletea.

Ni mimi,
Mama Mbonea